Ufunguo wa Sanduku Uko kwa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye karakana moja ya useremala kuulizia bei ya meza. Kijana aliyekuwa akiranda mbao alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza. Mashine ilikuwa imepita na vidole vyake viwili. Wenzake walimzunguka, kila mmoja akitoa amri yake. Mmoja alikimbilia ukutani, kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Lilikuwa jipya, la bati, limepakwa rangi nyeupe, na lilikuwa na kufuli. Ufunguo uko kwa nani? Kwa mhasibu. Mhasibu yuko wapi? Ametoka, amekwenda benki.

Kijana alifungwa mkono kwa fulana ya mwenzake, akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, watu watatu na damu njia nzima. Alipona. Baadaye niliambiwa kwamba daktari aliuliza vidole viko wapi. Vilikuwa vimebaki kwenye maranda, chini ya mashine. Hakuna aliyekumbuka kuviokota, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba vinaokotwa.

Mkaguzi angepita asubuhi ile angeliona sanduku na kuweka alama ya vema. Sanduku lilikuwepo, lakini huduma haikuwepo. Kwa sababu hiyo nawaandikia wenye karakana, viwanda, mashamba, maduka, shule na ofisi, pamoja na wanaofanya kazi humo: huduma ya kwanza kazini ni mtu. Ni mtu aliyefundishwa, aliyepo kwenye zamu, anayejulikana na wenzake, na mwenye vifaa anavyoweza kuvifikia bila kumwomba mtu ruhusa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, vingine vyote ni mapambo.

Ajali haina kinga, lakini kifo kina kinga

Tumezoea kusema ajali haina kinga, na mara nyingi tunalitumia neno hilo kufunga mazungumzo. Tuyafungue kidogo. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na kitu kinachoweza kumwokoa ni kiganja cha mwenzake kinachobana kidonda bila kuachia. Mtu ambaye moyo wake umesimama, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Hakuna gari la wagonjwa Dar es Salaam, Mwanza wala Mombasa linaloweza kuahidi kufika ndani ya dakika nne. Dakika hizo ni za watu waliopo pale pale: fundi wa mashine ya jirani, karani, mpishi wa kantini, mlinzi wa getini. Daktari hupokea kile walichokiokoa.

Sheria inamtazama mwajiri kwanza

Wapo waajiri wanaodhani huduma ya kwanza ni hisani, kama sikukuu ya mwisho wa mwaka. Ni wajibu. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka waajiri wajiandae kwa ajali na dharura, ikiwemo kuwa na mpango wa kutosha wa huduma ya kwanza. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye orodha ya mikataba ya msingi ya shirika hilo, kwa hiyo kila nchi mwanachama inatakiwa kuheshimu misingi yake.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Chini ya sheria hiyo mahali pa kazi panatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa, na wakala huo pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke sanduku linalofikika kwa urahisi, asiruhusu kitu kingine kuhifadhiwa ndani yake, na alikabidhi kwa mtu anayejulikana. Kipengele cha kutohifadhi kitu kingine si cha bure. Nimewahi kufungua sanduku la huduma ya kwanza nikakuta chaja ya simu, majani ya chai na risiti za mafuta ya gari.

Kwa lugha nyepesi, mwajiri ana mambo matano ya kutimiza: kujua hatari za kazi yake, kuweka vifaa vinavyolingana na hatari hizo, kufundisha watu wa kutosha, kuhakikisha kila mfanyakazi anajua aende wapi na kwa nani, na kuweka kumbukumbu. Gharama za yote haya ni zake. Hazikatwi kwenye mshahara wa mtu.

Anza na kazi yenu

Kosa la kwanza ni kwenda duka la dawa na kuomba sanduku kamili kabla hujatembea kwenye eneo lako mwenyewe. Chukua daftari, zunguka na watu wanaofanya kazi hiyo, uwaulize: hapa mtu huumiaje? Anayechomelea vyuma ataongelea macho na kuungua. Fundi betri ataongelea asidi. Wa saiti ataongelea kuanguka kutoka juu ya mirunda na msumari uliotoboa kiatu. Mkata mkonge wa Tanga ataongelea miiba, panga na nyoka. Mpishi wa hoteli ataongelea mafuta ya moto na kisu. Karani wa ofisi atasema hakuna hatari, lakini ofisini kuna shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu na waya wa umeme uliochubuka chini ya meza.

Uliza pia maswali ya muda na umbali. Usiku wako wangapi? Nani hufanya kazi peke yake? Kutoka hapa hadi kituo cha afya ni dakika ngapi, na mvua ikinyesha je? Karakana iliyo mkabala na hospitali ya wilaya na shamba lililo kilomita 40 ndani ya pori haziwezi kuwa na maandalizi ya aina moja.

Ndani ya sanduku, na nje yake

Sanduku la kawaida lisikose glovu za kutosha, gozi safi, bandeji za kuviringisha za upana tofauti, bandeji za pembetatu za kuning'iniza mkono, pedi nene za kubana kidonda kinachovuja sana, plasta, mkasi unaokata nguo, pini, tochi na daftari lenye kalamu. Pamba isiwekwe moja kwa moja juu ya kidonda, kwa sababu nyuzi zake hunata. Ongeza vya kazi yenu: penye kemikali, maji safi mengi ya kuoshea macho yawe hatua chache tu kutoka mahali pa kazi.

Dawa za kumeza zisiwemo. Mtoa huduma ya kwanza si mfamasia. Kidonge cha maumivu kinachoonekana hakina neno kinaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mzio. Mfanyakazi mwenye dawa zake alizoandikiwa, kama ya pumu, awe nazo mwenyewe, na mtu mmoja au wawili wajue anapoziweka.

Sanduku likae mahali pakavu, penye mwanga, pasipo na kufuli. Kama mnaogopa wizi, lifungeni kwa utepe mwembamba unaokatika ukivutwa, ili mjue lini limefunguliwa. Plasta 10 zikipotea ni hasara ndogo kuliko mtu mmoja. Alama yake iwe msalaba mweupe juu ya kijani. Ule mwekundu juu ya nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na haukuwekwa kwa ajili ya masanduku ya viwandani.

Mtu mmoja mwenye jina alikague kila mwezi: kilichotumika kirudishwe, kilichopita tarehe kitolewe. Sanduku lisilo na mwenyewe huisha kimyakimya.

Mtu wa zamu

Hapa ndipo pa kutumia fedha bila kusita. Kila zamu iwe na watu wasiopungua wawili waliofundishwa, hata kama wafanyakazi ni wachache. Mmoja anaweza kuwa likizo. Mmoja anaweza kuwa ndiye aliyeumia. Msiwachague kwa cheo. Meneja yuko kwenye vikao nusu ya siku. Mchagueni mtu mtulivu anayeshinda eneo la kazi na ambaye wenzake humsikiliza. Wawepo wanawake na wanaume. Dada aliyeanguka mashineni asilazimike kufunguliwa nguo na wanaume pekee kwa sababu tu hakuna aliyefikiria jambo hilo mapema.

Mafunzo yatafutwe kwa wanaotambulika: OSHA wenyewe, Chama cha Msalaba Mwekundu, au wakufunzi wa hospitali. Yawe ya vitendo, watu wapige magoti na kukandamiza kifua cha mdoli hadi watoke jasho. Ujuzi huu hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo cheti cha ukutani hakitoshi. Kila baada ya miezi mitatu tengeni nusu saa ya zoezi. Mtu mmoja ajilaze chini, wengine waonyeshe watafanya nini, na mwangalie saa.

Kisha bandikeni majina na namba za simu za watu hao, pamoja na picha zao, karibu na sanduku, mlangoni na kantini. Ongezeni namba za dharura: nchini Tanzania 112 ni ya polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wekeni pia namba ya hospitali ya karibu na ya dereva mmoja au wawili mliokwishaelewana nao. Watoa huduma nao walindwe: wapewe glovu, wapate chanjo ya homa ya ini aina ya B, na baada ya tukio zito wapumzishwe na kuzungumzishwa. Kushika mwili wa mwenzako anayekata roho si jambo la kurudi nalo mashineni siku hiyo hiyo.

Makosa tunayoyarudia

Makala haya hayachukui nafasi ya mafunzo, lakini yapo makosa ambayo nimeyaona mno kiasi kwamba siwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni kukimbilia kabla ya kutazama. Mtu ameshikwa na umeme, mwenzake anamshika, wanakuwa wawili. Zima swichi kuu kwanza. Waya mkubwa wa njiani ukianguka, kaeni mbali na muite shirika la umeme, TANESCO. Mtu amezimia ndani ya shimo la choo, kisima au tangi, ndugu anashuka kumtoa, naye hapandi. Wa tatu anamfuata. Humo mna hewa ya sumu au hamna oksijeni. Hakuna ushujaa utakaobadilisha hewa hiyo. Asishuke mtu bila vifaa vya kupumulia na kamba, waiteni zimamoto.

La pili ni kuungua. Dawa ya meno, unga, asali, mafuta ya kupikia, ute wa yai: vyote hivyo vinazuia joto lisitoke na vinampa daktari kazi ya kuvibandua. Dawa ya kuungua ni maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mtu achote kwa kopo na kumimina taratibu. Barafu isitumike. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba, na malengelenge yasipasuliwe. Nguo iliyonasa kwenye ngozi iachwe hapo ilipo.

La tatu ni damu. Watu huchungulia kidonda kila baada ya sekunde kumi kuona kama imekoma. Bana kwa nguvu, bila kuachia, kwa dakika kumi kwa saa. Damu ikipenya kwenye kitambaa, ongeza kingine juu na ukaze zaidi. Nondo au kioo kilichojikita mwilini kisichomolewe, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba mshipa. Bana kingo za kidonda pembeni mwa kitu hicho, na ukitulize kisitikisike. Kidole kilichokatika kivikwe gozi yenye unyevu, kiwekwe kwenye mfuko safi usiovuja, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, kidole kisiiguse barafu yenyewe. Kiende pamoja na mwenyewe.

La nne ni macho. Saruji, chokaa, asidi ya betri: macho yaoshwe hapo hapo kwa maji mengi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, dakika 20 bila kupunguza, na ndipo safari ya hospitali ianze. Ukianza na safari, kemikali inaendelea kula jicho njiani.

La tano ni kifafa. Wapo wanaoingiza kijiko mdomoni, wanaomnusisha mgonjwa kitunguu au kiberiti, na wanaokimbia wakiamini povu lake linaambukiza. Kifafa hakiambukizi. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Degedege likiisha mlaze ubavu. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, ni hospitali.

La sita ni aliyeanguka kutoka juu. Asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia la mkaa. Uti wa mgongo uliovunjika unaweza kumlemaza kwa kunyanyuliwa huko. Kama hayuko kwenye hatari ya moto au ya kuangukiwa, mwacheni alipo, mtu mmoja atulize kichwa chake, wengine watafute msaada na ubao mpana.

Na kama mtu haitikii na hapumui kawaida, piga simu, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Pokezaneni kila baada ya dakika mbili. Usiogope kwamba utamvunja mbavu. Mbavu huunga.

Safari, fomu na kumbukumbu

Tanzania, majeruhi wa ajali mara nyingi huulizwa fomu ya polisi, PF3. Nimeona watu wakimzungusha mgonjwa anayevuja damu hadi kituo cha polisi kwanza ili fomu ipatikane. Gawaneni kazi: watu wawili waende hospitali na mgonjwa, mwingine aende polisi kuishughulikia fomu. Anayekwenda na mgonjwa awe yule aliyemhudumia, ili aeleze kilichotokea, saa ngapi, na nini kimefanyika. Kama ni kemikali, achukue chombo au lebo yake.

Jioni hiyo, kabla mambo hayajasahaulika, tukio liandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, jina la aliyeumia, aliumiaje, nani aliona, alipewa huduma gani na nani. Hata jeraha dogo liandikwe. Michubuko mitatu kwenye mashine moja ndani ya mwezi mmoja ni onyo kwamba wa nne utachukua kidole.

Kumbukumbu hizo pia ni haki ya mfanyakazi. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Mfuko hulipia matibabu na fidia ya ulemavu utokanao na kazi, na mfanyakazi akifariki, wategemezi wake hulipwa. Mwajiri anayeficha ajali ili asionekane mbaya anamnyima mtu wake haki hiyo. Mfanyakazi, toa taarifa ya ajali siku hiyo hiyo, na uhifadhi nakala za karatasi zako za hospitali.

Wasio na mwajiri

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawana meneja wala ofisi ya rasilimali watu. Wana fremu, mti wa kivuli, na vijana watatu wanaojifunza kazi. Hao nao wanaweza. Fremu kumi za jirani zikichanga kidogo kidogo, sanduku moja zuri linapatikana na watu wawili wanapata mafunzo. Mna mchango wa misiba na wa harusi. Anzisheni na wa huduma ya kwanza. Na wewe fundi mkuu, kijana aliyeletwa kwako na mama yake ajifunze kazi ni amana. Mfundishe kuzima mashine kabla hujamfundisha kuiwasha.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Jua sanduku lilipo. Usichukue gozi kufutia grisi. Mweleze mtu mmoja unayemwamini kama una kisukari, pumu au kifafa. Ukipewa nafasi ya mafunzo, usiikwepe kwa sababu haina posho.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, simama katikati ya eneo lenu uulize kwa sauti: sanduku liko wapi, nani wa zamu leo, na usiku nani? Wakijibu papo hapo wote kwa pamoja, mshukuruni aliyewafikisha hapo. Wakianza kutazamana, basi kazi ya kwanza ya siku hiyo mmeipata. Na kama sanduku lenu lina kufuli, liondoeni kufuli hilo leo.